Ukitafuta Babu wa Kicherokee na Njia Ikakatika: Dalili, Sababu na Pa Kuanzia Tena

Familia nyingi za Marekani, nyeusi kwa nyeupe, zina hadithi ya bibi wa Kicherokee, yaani wa mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika. Katika sensa ya 2010 watu kama 819,000 walijiandika kuwa wana asili hiyo, ingawa raia wa mataifa ya Kicherokee yenyewe walikuwa wachache mno kuliko hao. Ukiwa umeoa au kuolewa huko, hadithi itakufikia tu, na pengine wewe unayejua kukaa na makaratasi ndiwe utakayeambiwa uifuatilie.

Kabla ya kushika dalili moja moja, tenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, kuna Mcherokee katika nasaba yetu? La pili: ni nani hasa, na aliishi wapi? La tatu: je, sisi tunastahili uraia wa taifa lake? Unaweza kupata ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la tatu, na hakuna aliyekudanganya.

Jambo jingine la kushika tangu mwanzo ni kwamba hakuna daftari la Wacherokee lililoandikwa ili kuwasaidia wajukuu. Moja liliandikwa kabla ya kuwahamisha kwa nguvu, jingine kugawa fidia, jingine kuwavunjia ardhi yao ya pamoja. Jiulize kila mara daftari lililo mbele yako lilitungwa kwa ajili ya nini. Ukijua hilo utajua pia nani asingeweza kuwemo, na nusu ya "amepotea" zitaisha papo hapo.

Hadithi ipo, jina halipo popote

Nyumbani kila mtu anajua kuwa bibi yake babu alikuwa Mcherokee, tena "binti wa mfalme". Ukitafuta jina lake, kimya.

Binti wa mfalme mwondoe kwanza. Wacherokee hawakuwa na ufalme wa kurithishana. Walikuwa na koo saba, za Mbwamwitu, Kulungu, Ndege, Rangi, Buluu, Nywele Ndefu na Viazi Mwitu, na mtoto aliingia ukoo wa mama yake. Msomaji wa Kimakonde au Kiyao hatahitaji maelezo zaidi. Ndiyo maana John Ross, aliyekuwa mkuu wao tangu 1828 hadi alipofariki 1866, alikuwa na damu ya Kiskoti sehemu saba kwa nane na bado akawa Mcherokee kamili machoni pa watu wake: mama yake na bibi yake mzaa mama walikuwa wa ukoo wa Ndege. Hadithi inayoanza na "binti wa mfalme" kwa kawaida imeshapita midomo ya watu wasiojua Wacherokee waliishije, kwa hiyo na sehemu zake nyingine zipokee kwa tahadhari hiyo hiyo.

Sababu zinazokutwa mara kwa mara ni tatu. Inawezekana babu alikuwa wa taifa jingine, mfano Creek, Choctaw au Catawba, na familia ikatumia "Cherokee" kwa kuwa ndilo jina lililojulikana zaidi kusini. Inawezekana hadithi ilifunika jambo zito zaidi: familia ya kizungu iliyoficha bibi mwenye asili ya Afrika, au familia ya Wamarekani weusi iliyoona afadhali kumtaja Mcherokee kuliko kumtaja mwenye watumwa aliyembaka bibi. Hili la pili halisemwi kwa sauti mbele ya wazee, nawe usiliseme mpaka uwe na karatasi mkononi. Au hadithi ni ya kweli kabisa, ila mhusika yuko vizazi viwili nyuma zaidi ya mnavyodhani. Si bibi wa babu bali bibi wa huyo bibi.

Njia ya kupima ni ramani. Chukua kila tawi la familia uandike lilikuwa wapi mwaka 1835, 1851, 1880 na 1900. Kabla ya 1838 Wacherokee wengi waliishi kaskazini mwa Georgia, mashariki mwa Tennessee, magharibi mwa North Carolina na kaskazini mashariki mwa Alabama. Mkataba wa New Echota, uliotiwa sahihi tarehe 29 Desemba 1835 na kikundi kidogo kisicho na idhini ya serikali yao, ndio uliotumiwa kuwafukuza. Mwaka 1838 na 1839 walisukumwa hadi Indian Territory, ambayo leo ni mashariki mwa Oklahoma, na inakadiriwa watu 4,000 walikufa katika msafara huo unaoitwa Njia ya Machozi. Waliobaki mashariki walikuwa wachache, wengi wao milimani North Carolina.

Sasa tazama ramani yako. Kama tawi lenu lilikuwa pwani ya Virginia mwaka 1835 na likawa Kentucky mwaka 1850, uwezekano ni mdogo sana, hata hadithi iwe tamu vipi. Kama lilikuwa kaskazini mwa Georgia kisha likaonekana Indian Territory baada ya 1839, una la kufuatilia. Na unapofuatilia, anza na wewe mwenyewe kurudi nyuma: wewe, mzazi, babu, baba wa babu, kila kiungo na karatasi yake. Anayeanza na Mcherokee maarufu kisha akateremka kumtafuta mjukuu atampata tu, kwa sababu atamchagua.

Jina limeonekana kwenye Dawes, lakini tarehe hazikubali

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote. Umeandika jina la babu kwenye faharasa ya Dawes, likatokea, ukatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia, shangazi akalia. Wiki inayofuata unagundua kuwa huyo wa Dawes alikuwa na miaka 12 wakati babu yenu alikuwa tayari na watoto wanne.

Tume ya Dawes iliundwa 1893, ikiongozwa na Henry Dawes aliyekuwa seneta wa Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kuvunja umiliki wa pamoja wa ardhi kwa mataifa matano, yaani Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole, na kumpa kila mtu kipande chake. Uandikishaji ulifanywa hasa kati ya 1898 na 1906, ukafungwa Machi 1907. Kila Mcherokee aliyeandikwa alistahili ardhi yenye thamani ya ekari 110 za wastani. Palipo na ekari 110 za bure huwa na foleni: zaidi ya watu 250,000 waliomba kuandikwa katika mataifa hayo matano, wakakubaliwa zaidi kidogo ya 100,000.

Faharasa ni jina na namba tu, na Wacherokee walikuwa na akina Smith na Brown kama majirani zao. Usiishie hapo. Kutoka kwenye faharasa chukua namba ya kadi, ufungue kadi yenyewe. Jamii ya Historia ya Oklahoma ina faharasa ya kutafutia bila malipo kwenye tovuti yake, na tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina picha za kadi nyingi.

Kadi moja ni kaya moja. Upande wa kushoto kuna namba ya kila mtu kwenye daftari, jina, uhusiano wake na aliyetajwa wa kwanza, umri, jinsia na kiwango cha damu, yaani sehemu ya asili yake iliyo ya Kicherokee. Upande wa kulia, ambao watu huuruka, kuna safu inayosema mtu huyo alionekana katika daftari gani la awali la taifa: mwaka, wilaya na namba. Chini yake, jina la baba na la mama wa kila mmoja, na kama walikuwa hai au wamekufa. Pembezoni makarani waliandika vijimaneno vya haraka: amefariki tarehe fulani, mke yuko kadi nyingine, mtoto amehamishiwa kadi fulani. Vijimaneno hivyo vina thamani kuliko safu zote.

Tuseme kadi inasema "1880, Going Snake" na namba. Going Snake ilikuwa moja ya wilaya tisa za taifa. Unakwenda kwenye sensa ya Wacherokee ya 1880, wilaya hiyo, namba hiyo, na hapo unamkuta akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake, pamoja na ndugu. Kisha unafungua sensa ya Marekani ya 1900 na kuuliza: mke ni yule yule? Watoto wana majina yale yale, kwa mfuatano ule ule? Posta yao iko wilaya hiyo? Vitatu vikikubaliana una mtu wako. Kikikubali jina peke yake, huyo ni somo wake tu.

Usichanganye namba ya kadi na namba ya daftari. Ya kadi ni ya kaya, ya daftari ni ya mtu, na ofisi ya uraia itakuuliza ya mtu. Angalia pia kama kadi ina herufi D au R mbele ya namba. D ni ya wenye shaka, R ni ya waliokataliwa. Wapo wanaotembea na picha ya kadi ya R kwa fahari wasijue maana yake.

Nyuma ya kadi kuna jalada la maombi, na humo ndimo mnamo maneno ya mtu mwenyewe: umezaliwa wapi, mama yako nani, uliondoka lini Georgia, nani anakufahamu. Hati za awali za tume ziko Fort Worth, Texas, katika tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ukiwa na fedha ya kuagiza kitu kimoja tu, agiza jalada.

Alikuwa Mcherokee kweli, ila Dawes hayumo

Hapa ndipo swali la "daftari liliandikwa kwa nini" linapolipa. Dawes iligawa ardhi ya Indian Territory, kwa hiyo aliyebaki North Carolina, aliyehamia Texas au aliyekuwa California akichimba dhahabu hakuwa na nafasi humo. Orodha ya Wacherokee ilihesabu waliokuwa hai tarehe 1 Septemba 1902. Aliyekufa Agosti mwaka huo hayumo, ingawa jina lake linaweza kubaki kwenye kadi likiwa limefutwa kwa mstari. Watoto waliozaliwa baadaye wana orodha yao ya wadogo, iliyowachukua waliokuwa hai tarehe 4 Machi 1906, na wengi huisahau.

Wapo pia waliogoma. Redbird Smith na wafuasi wake wa chama cha Keetoowah walipinga ardhi yao kukatwakatwa, wakakataa kufika mbele ya tume. Tume iliwaandika wengi wao kwa maelezo ya majirani. Matokeo yake kadi zao zina majina yaliyoandikwa kwa kusikia, umri wa kukisia na wazazi waliochanganywa. Kama familia yenu ilizungumza Kicherokee nyumbani na iliishi vilimani, mtafute kwa jina la mke, la mtoto au la jirani, si kwa jina lake.

Dawes isipotoa kitu, nenda kwa Guion Miller. Mwaka 1905 Mahakama ya Madai ya Marekani iliwapa ushindi Wacherokee wa Mashariki katika kesi ya fidia ya mikataba ya 1835 na 1846. Miller akapewa kazi ya kutafuta wenye haki, popote walipo duniani, na mwisho wa kupokea maombi ukawa 31 Agosti 1907. Maombi takriban 45,800 yaliingia, yakiwakilisha watu kama 90,000. Waliokubaliwa walikuwa 30,254, kati yao 3,203 tu wakiwa mashariki mwa Mississippi.

Fomu ya Miller ni hazina kwa sababu iliuliza mambo ambayo Dawes haikuuliza: jina la Kiingereza na la Kicherokee, wazazi na walizaliwa wapi, waliishi wapi 1851, ndugu wote, babu na bibi wa pande zote mbili, wajomba na shangazi pamoja na watoto wao. Fomu moja iliyojazwa vizuri inakupa vizazi vitatu kwa kikao kimoja. Lakini nayo ina wasiokuwemo. Walowezi wa Zamani, yaani Wacherokee waliohamia magharibi kabla ya mkataba wa 1835, hawakuhusika na fidia ile. Wao watafute kwenye daftari la Old Settlers la 1851.

Maombi ya Miller yapo, yamekataliwa

Usomaji mbaya wa kwanza: "Aliomba, kwa hiyo alikuwa Mcherokee." Hapana. Habari za fedha zilienea kusini kote na watu waliomba kwa makumi elfu. Familia za Sizemore peke yao, zilizotokea North Carolina na Virginia, zilituma maombi mengi sana kwa msingi wa babu mmoja, na Miller akayakataa yote kwa kukosa ushahidi kuwa babu huyo aliwahi kuishi na Wacherokee.

Usomaji mbaya wa pili: "Alikataliwa, kwa hiyo ni uongo." Hapana tena. Wengine walikataliwa kwa sababu walikuwa wa Old Settlers, wengine kwa sababu babu yao alikuwa mtumwa, wengine kwa kuchelewa. Soma sababu iliyoandikwa. "Babu hakuandikishwa 1835 wala 1851" na "ni mzao wa watumwa" ni milango miwili tofauti kabisa, na huu wa pili unakupeleka kwenye dalili ninayoieleza chini.

Kwa waliokubaliwa, mara nyingi kuna rejea fupi kwenye jalada: jina la wilaya na namba, mfano wa Flint au Saline. Hiyo ni nafasi ya babu katika daftari la Drennen la 1851, lililoandika Wacherokee wa magharibi waliofika kwa kuhamishwa. Kutoka Drennen unavuka hadi daftari la Henderson la 1835, lililohesabu zaidi ya Wacherokee 16,000 huko mashariki, ila likawataja kwa jina wakuu wa kaya tu. Kwa waliobaki mashariki, daraja ni Mullay la 1848, Siler la 1851 na Chapman la 1852.

Ndugu wa tumbo moja, majina ya ukoo tofauti

Ukikwama kizazi cha 1800 hadi 1850, kwa kawaida sababu ni hii. Jina la ukoo la kizungu lilikuwa geni, na mtu alilichukua shuleni, kwa mmisionari, kwa mfanyabiashara au kwa karani. Mfano unaojulikana ni wa Buck Watie, aliyekwenda kusoma Connecticut akajiita Elias Boudinot kwa heshima ya mfadhili wake mzungu. Ndiye mhariri wa kwanza wa Cherokee Phoenix, gazeti lililoanza 1828 kwa Kiingereza na kwa herufi za Kicherokee alizobuni Sequoyah. Ndugu yake aliitwa Stand Watie, baadaye jenerali wa majeshi ya Kusini. Baba mmoja, mama mmoja, ukoo wa karatasi tofauti. Huyo Sequoyah naye utamkuta mahali pengine kama George Guess au Gist.

Kinachofungua mlango hapa ni jina la mama. Andika majina ya mama na ya bibi mzaa mama katika kila hati, hata kama yameandikwa kwa vistari vingi vya silabi. Karani mmoja atalikata jina vipande vitano, mwingine vitatu, wa tatu atalitafsiri Kiingereza. Yasome kwa sauti badala ya kuyalinganisha kwa macho. Sikio litakuambia kuwa majina matatu ni mtu mmoja.

Nafika 1866, napotea

Hii inawahusu Wamarekani weusi zaidi, na naiona ndiyo sehemu iliyopuuzwa kuliko zote. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa. Daftari la 1835 lilihesabu watumwa 1,592, na watu hao walitembea Njia ya Machozi pamoja na mabwana wao, wakipika na kubeba mizigo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru, na wazao wao, haki zote za Mcherokee mzawa. Rasmi wanaitwa Freedmen wa Cherokee.

Dalili ni kwamba familia inaonekana Indian Territory mwaka 1880 au 1900, halafu nyuma ya vita hakuna jina. Sababu ni ile ile ya nchi nzima: orodha za watumwa za 1860 zilitaja mmiliki kwa jina, mtumwa kwa umri na jinsia tu. Lakini Freedmen wa Cherokee wana kitu ambacho Wamarekani weusi wengi wa Georgia au Mississippi hawana. Kadi yao ya Dawes ina safu ya jina la aliyekuwa bwana wao, tena na jina la bwana wa baba na wa mama. Kadi ikisema Vann au Ross, una familia ya Kicherokee ya kufuata katika hati za mirathi, mauzo na madai ya hasara ya vita. Jalada la ushahidi ni bora zaidi: watu waliohojiwa mwaka 1901 walikuwa bado wanakumbuka nani alizaliwa shamba gani.

Tatizo la pili ni muda. Mkataba uliwatambua waliokuwa nchini vita vilipoanza na waliorejea ndani ya miezi sita. Wengi walikuwa wamekimbilia Kansas au wamepelekwa Texas, wakarudi wamechelewa, na wakahesabiwa wavamizi. Kama babu yenu alikataliwa kwa sababu hiyo, mtafute kwenye daftari la Wallace la 1890 na la Kern-Clifton la 1897, yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Freedmen wakati wa mabishano ya malipo.

Na tatizo la tatu, linalouma. Tume iliwaweka Freedmen kwenye orodha yao pekee na haikuwaandikia kiwango cha damu, hata mtu alipotaja wazi kuwa baba yake ni Mcherokee. Karani alimtazama mtu, akaona weusi, akachukua kadi ya Freedmen. Kwa hiyo nafasi tupu kwenye kiwango cha damu si ushahidi wa kutokuwa na damu ya Kicherokee. Ni ushahidi wa karani.

Haki zao zilipiganiwa kwa muda mrefu. Kura ya 2007 iliwaondoa kwenye uraia, mahakama ya shirikisho ikawarudishia Agosti 2017, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya taifa lenyewe ikafuta maneno "kwa damu" kwenye katiba. Aliyeambiwa hapana mwaka 2010 aombe tena.

Dalili ndogo ndogo

Sensa inasema mzungu. Mwandishi wa sensa ndiye aliyeamua, na mtu huyo huyo anaweza kuwa mzungu 1880, chotara 1910 na mzungu tena 1920. Usijenge wala usibomoe kitu juu ya safu hiyo. Ila mwaka 1900 na 1910 kulikuwa na fomu maalumu za wenyeji wa asili, mara nyingi zikiwekwa mwisho wa wilaya, na watu hawafiki ukurasa wa mwisho.

Sensa ya 1890 haipatikani. Ya shirikisho iliharibiwa karibu yote na moto wa 1921 jijini Washington. Lakini taifa la Cherokee liliendesha sensa yake mwaka huo huo, nayo ipo.

Hakuna cheti cha kuzaliwa. Oklahoma ilipata kuwa jimbo Novemba 1907, na usajili wa vizazi ulianza 1908 bila kushikiliwa kwa nguvu kwa miaka kadhaa. Tafuta cheti kilichochelewa, rekodi ya kanisa, rekodi ya shule, au hati ya kiapo ya mkunga au ndugu.

Kipimo cha DNA kimetoa sifuri, au asilimia moja. Vyote viwili havisemi mnalodhani. Mzao wa vizazi vingi baadaye anaweza asirithi kipande chochote kinachotambulika cha babu wa kweli, na kipimo hakitofautishi Mcherokee na Mcreek. Seneta Elizabeth Warren alipotangaza kipimo chake Oktoba 2018, Taifa la Cherokee lilijibu kuwa vipimo hivyo havina maana katika kuthibitisha uraia. DNA inafaa kwa jambo moja: orodha ya watu mliolingana. Ukilingana na watu ambao nasaba yao ya Dawes imethibitishwa, tafuta babu mnayeshiriki.

Mti wa mtandaoni unafika kwa Nancy Ward, mwanamke mashuhuri wa karne ya 18, kwa hatua tano. Fungua chanzo kilichobandikwa kwa kila hatua. Kikiwa ni mti wa mtu mwingine, hicho si chanzo. Rudi hadi hatua ya mwisho yenye hati, uendelee mwenyewe.

Nasaba nimeithibitisha, uraia wamekataa

Kuna mataifa matatu yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, na kila moja lina sheria yake. Taifa la Cherokee, makao yake Tahlequah, Oklahoma, halina kima cha chini cha damu. Linataka babu au bibi wa moja kwa moja aliyeandikwa kwenye daftari la mwisho la Dawes. Shangazi wa babu hatoshi. United Keetoowah Band, nao wapo Tahlequah, hutaka robo ya damu. Eastern Band, huko Cherokee, North Carolina, hutaka babu kwenye daftari la Baker la 1924 na sehemu moja kwa kumi na sita ya damu. Kwa hiyo mtu wa Miller asiye Dawes wala Baker anaweza kuwa mzao halali kabisa na asiwe raia wa popote.

Ukiwa na jina la Dawes na bado wamekataa, angalia orodha gani. Wazungu waliooa Wacherokee wana orodha yao, tena mahakama ya juu iliamua 1906 kuwa waliooa baada ya 1 Novemba 1875 hawana haki ya ardhi. Kama mtu wenu ni wa orodha hiyo, uraia haupiti kwake. Ufuate upande wa mwenzake. Kinyume chake, watu wa taifa la Delaware walioungana na Wacherokee kwa makubaliano ya 1867 na Shawnee wa 1869 wamo kwenye madaftari na wazao wao ni raia, ingawa bibi yenu basi alikuwa Mshawnee.

Lakini kinachokwamisha maombi mengi si Dawes hata kidogo, ni kiungo cha katikati. Ofisi inataka vyeti halisi vinavyomfunga mzazi na mtoto, kutoka kwa mwombaji hadi kwa aliyeandikwa. Bibi aliyezaliwa 1915, akaolewa mara mbili na kubadili jina kila mara, ndiye atakayekusimamisha. Agiza vyeti vyake vya ndoa mapema, na cha kifo, kwa sababu humo hutajwa wazazi. Na wazee walio hai waulize sasa, kwa simu, ukirekodi kwa idhini yao: si kama tulikuwa Wacherokee, bali bibi alizikwa wapi, nani alimzika, na kaburi la jirani ni la nani.